Kufuli la Mzee Gulamu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kazi niliyoiweza kuliko zote ilikuwa kuchungulia mambo ya watu. Ndiyo maana nayajua haya.

Dada yangu Mwanahamisi alikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi alimwoza mara tu alipovunja ungo, na sasa alikuwa amerudi kwetu Chumbageni kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi. Uchungu ulimshika Jumamosi alfajiri. Jumapili adhuhuri mtoto bado, na sauti ya dada imekwisha.

"Kuna kitu kimefungwa," Bibi akasema. "Fungueni kila kitu!"

Tukafungua. Makabati, misuko ya nywele, hata kamba ya mbuzi, naye akaenda kula mchicha wa jirani. Sanduku la shangazi la uvunguni lilipofunguliwa, tukakuta miche kumi na miwili ya sabuni, na miaka ile ya uhaba sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai! Shangazi akajitia kukohoa. Lakini mtoto hakutoka.

Nikaona watu wazima wanafanya kazi nusunusu. Nikakimbilia kwa Mzee Gulamu, Mhindi mwenye duka pale pembeni. Banda la gari lake lilikuwa na kufuli kubwa kama kichwa changu.

"Shikamoo. Bibi kasema ufungue kufuli la banda, dada anakufa." Bibi hakusema.

"Marahaba. Jumapili mchana gari haziruhusiwi barabarani, mwanangu, serikali inabana mafuta. Watanikamata."

"Sijasema gari. Nimesema kufuli."

Akanitazama. "Uchungu umemshika tangu lini?"

"Jana alfajiri."

Akatema tambuu, akafungua kufuli, akatoa na pikapu. "Kimbia, waambie walete godoro."

Hospitali walimpasua. Dada akapona, na mwanawe pia, ambaye leo ana kitambi.

Bibi mpaka anaingia kaburini aliapa kuwa kufuli lile ndilo lililomzuia mtoto. Nami niliitikia, maana sifa zilikuwa zangu.

Lakini nilipofika miaka kumi na minne ikaletwa posa yangu, na mahari nono. Wageni hawakumaliza hata chai.

"Huyu nyonga zake bado," Bibi akawaambia. "Mwacheni asome."

Hakunieleza, wala sikumuuliza. Nadhani alibadilika siku ile alipomwona dada ana mshono tumboni. Hakutaka tu mtu ajue kwamba amebadilika. Nimemtunzia siri hiyo miaka yote, mimi nisiyeweza kutunza siri ya mtu.