Jezi ya Baba Niliyoifua

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alilipwa kudaka mpira. Kwenye karatasi za mgodi aliandikwa karani wa stoo, lakini kule kwetu Nyatike kila mtu alijua kuwa bila timu angekuwa shimoni na nyundo kama majirani zetu. Mama alilijua hilo kuliko wote. Kaka yake alishuka asubuhi moja na hakupanda tena.

Mwaka ule timu iliingiwa na nuksi. Tulifungwa Migori, tukafungwa Homa Bay, tukafungwa hata nyumbani. Wakubwa wa timu wakamleta jabilo, mganga wa mambo ya ushindi. Alipuliza unga wake kwenye jezi zote kumi na moja, akaweka sharti: zisiguse maji mpaka tushinde. Basi, hatukushinda. Wiki zilikwenda, jezi zikakakamaa kwa jasho mpaka ya baba ikawa inasimama yenyewe ukutani.

Dani, mama yake baba, aliliheshimu sharti hilo kuliko hata wachezaji. Kila nikiikaribia ile jezi alinionya, "Hiyo nguo ikiguswa na maji, baba yako anaenda chini."

Nilimwogopa Dani, na jabilo nilimwogopa zaidi. Lakini siku moja nilimwona baba akishindwa kuifikia sahani kwenye rafu. Ukosi ulikuwa umemchubua shingo, na kwapani palikuwa na vidonda. Golikipa gani huyo asiyeweza kuinua mkono? Ijumaa, mama akiwa sokoni na Dani akiwa shambani, niliibeba jezi hadi mtoni na kipande cha sabuni. Niliifua mara tatu. Maji yalitoka meusi, kisha ikajitokeza rangi ya njano niliyokuwa nimeisahau kabisa. Ilipokauka niliikunja, nikaificha ndani ya kikapu cha safari cha baba. Akili yangu ya darasa la tatu haikuniambia kwamba kesho yake zingekuwa jezi kumi za kahawia na moja inayong'aa.

Asubuhi lori la kwenda Homa Bay lilikuwa linangoja. Ilikuwa mechi ya mwisho. Baba alipoitoa jezi kwenye kikapu, watu wote waliigeukia.

"Nani ameosha hii?" jabilo akauliza.

"Ni mimi," baba akasema.

"Wewe? Wewe hata sufuria hujawahi kuosha!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipa nguvu. Nikapenya katikati yao. "Ni mimi. Shingo ya baba ilikuwa inatoka damu."

Mwenyekiti wa timu hakunitazama. Alimwambia baba, "Tukifungwa leo, Jumatatu unashuka shimo." Baba akaivaa jezi palepale mbele yao, akapanda lorini.

Tulifungwa moja bila, kwa penalti. Timu hiyohiyo ilikuwa imetufunga tano. Waliorudi walisimulia jinsi baba alivyoruka siku ile, lakini matokeo ni matokeo. Dani hakunigombeza. Alisema tu, "Si niliwaambia," akaendelea kuchambua mboga.

Jumatatu baba alivaa kofia ya chuma na kuchukua taa. Mama alikataa kutoka nje kumwona. Nilimfuata hadi njiani nikilia, naye akachuchumaa. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mama siku zote.

"Mama, acha kulia. Mkono uliinuka, sikia? Uliinuka mpaka juu."

Alishuka shimo hilo kila siku hadi mgodi ulipofungwa, na kila jioni mama alisimama mlangoni hadi amwone. Kwa miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyempeleka kule. Ilinitesa, sitaficha. Sasa nimemzidi umri baba wa siku zile, na bado sijui ni maji yaliyotufunga au ni ile penalti. Sharti la jabilo siwezi kulicheka, maana lilitimia mbele ya macho yangu. Lakini nirudishe leo pale mtoni, na Dani asimame ng'ambo akinikanya kwa sauti yake yote: nitaifua tena.