Sahani ya Papa Naila Mimi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio: chakula ambacho mama yangu anamwekea Papa, baba yangu, kila jioni, ninakila mimi. Na Papa hayuko nyumbani. Ndiyo maana sina raha.

Nina miaka kumi na minane, naishi Bukavu. Nimemaliza sekondari mwaka huu, na kwa sasa ninajifunza kushona katika ateliye ya mama mmoja anayeimba kwaya pamoja na Maman. Mimi ni mtu wa haya sana. Hata ujumbe huu nimeuandika na kuufuta, nikauandika tena.

Papa anafanya biashara ya mchele. Aliteremka Luberizi, kule bondeni, kununua mzigo kama kawaida yake, barabara ikaharibika, mzigo ukaoza, pesa ikaisha. Akipiga simu anasema, "Niko nakuya, mutoto wangu. Natafuta tu pesa ya njia." Kisha linatokea jambo. Mara lori limekufa, mara ameshikwa na homa. Wadogo zangu wameacha kuuliza.

Maman hajaacha kungoja. Kila jioni anampakulia Papa kabla yetu sote, anafunika sahani na kuiweka juu ya kabati. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake kule kisiwani Idjwi: mwanaume akiwa safarini, sehemu yake inapakuliwa, na ikilala, asubuhi inapewa mtu wa nje. Mtoto wa nyumba haigusi. "Mutoto akikula sehemu ya baba yake, anamufungia njia," anasema Maman. Siku moja nilimwambia hayo si mambo ya Kikristo. Akanijibu, "Basi wende uulize padri kama kulisha masikini ni zambi."

Zamani chakula hicho kilicholala nilikuwa nampelekea Koko, mjane aliyekaa chini ya ngazi zetu. Koko alipochukuliwa na binti yake akaishi kwake, Maman alihamishia chakula kwenye bakuli langu la mfuniko akasema, "Utapata mwingine njiani. Masikini habakosekane hapa Bukavu. Usinirudishie."

Nikatoka. Nilimpita mzee mmoja anayekaa mlangoni mwa kanisa, nikarudi, nikampita tena. Mdomo ulikataa kufunguka. Nimwambieje mtu mzima apokee chakula chetu cha jana? Akinitukana mbele za watu je? Nikafika kazini bakuli likiwa bado mkononi. Mchana nikalifunua: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa na njaa, nikala. Pesa ya chakula ambayo Maman alinipa ikabaki mfukoni.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikifanya hivi kila siku, nitamtafutia Papa nauli mimi mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa fundi wa chakula kilicholala. Bugali naukata vipande, naufunga ndani ya jani la ndizi na kuuweka juu ya pasi ya makaa mpaka unashika ukoko. Maharagi ya jana nayaponda, nayapaka juu yake kama siagi. Wenzangu wananunua mkate na avoka, kisha wanakuja kuchungulia bakuli langu.

"Ee, bibi ya mukubwa! Sambaza kila siku?" alisema mmoja wao, msichana wa maneno mengi.

"Ni bya jana tu," nikamjibu.

"Bya jana ya kwenu inashinda bya leo ya kwetu. Uambie Maman yako anichukue niwe mutoto wake."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini nililifunika bakuli kabla sijamaliza. Kwa sababu asubuhi ile Papa alikuwa amepiga simu kusema lori alilokuwa apande limeondoka bila yeye. Mimi siamini sana mambo ya kufungiana njia. Lakini kila anapokwama, najiuliza kama ni mdomo wangu.

Sasa nauli imetimia. Nimeificha ndani ya kopo la vifungo. Ningeweza kumtumia Papa kimya kimya, lakini Papa hana siri na Maman, atamwambia siku hiyo hiyo. Nikidanganya kwamba patroni, yule mama wa ateliye, amenipa, watakutana kwenye kwaya. Nikisema ukweli, Maman atasema mimi ndiye niliyemzuia mume wake huko bondeni muda wote huu. Nisipoitoa, Papa anaendelea kulala juu ya magunia ya watu.

Kuna jambo lingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Papa hawezi kula bugali bila pilipili. Tangu aondoke, Maman alikuwa anaiweka pembeni ya sahani yake, nami naitoa kabla ya kula, kwa maana nyumbani kwetu anayeshindwa pilipili ni mimi peke yangu. Juzi nilifunua bakuli, pilipili hakuna. Jana hakuna. Leo asubuhi Maman alinipa bakuli bila kunitazama, akasema tu, "Umupe ule masikini, ashibe."

Je, anajua? Kama anajua, mbona haniulizi? Na kama sasa ananipakulia mimi, ina maana ameacha kumngojea Papa?

Wazazi na dada zangu mnaosoma hapa, nisaidieni mawazo. Nimwekee Maman hiyo pesa mkononi na kumweleza yote? Au nimngoje aanze yeye? Jioni inakaribia, atapakua tena, nami sijui nitatazama wapi.

Na wewe ambaye huenda siku moja utaleta kitambaa chako ateliye ukamkuta msichana anakula ameupa mlango mgongo, nisalimie tu upite. Wengi wa kwaya wanasoma ukurasa huu. Nakuomba, usimwambie Maman. Acha ayasikie kwangu.