Monitere wa Kekele

Wenzangu mlioandika juu ya adwaze, kile kibao cheusi cha shule, na kuifuta kwa mate, ninyi mtanielewa. Wajukuu wetu wakisikia kwamba kreyo moja ya kuandikia tuliigawa kwa meno ndugu watatu, wanadhani ni hadithi ya sungura. Ngungu ya utoto wangu, kijiji cha milimani, ilinukia moshi na viazi vya majivuni. Asubuhi tuliteremka kilima kwa makalio, tukafika masomoni na matope yaliyotusema kabla hatujafungua mdomo.

Kijijini kwetu aliishi Papa Kalinda, mtu wa Walikale aliyeoa kwetu. Alisuka viti kwa kekele, ile kamba ngumu ya msituni. Viti vikiisha, alichukua kekele moja ndefu, akaipasha moto, akaikunja polepole mpaka ikawa mbuzi, au mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuikata popote. Ukisimama mbele yake unaona mchoro kama wa chaki, ila ubao hakuna. Migomba unaiona kupitia tumbo la mbuzi. Ukienda kando, mbuzi amekwisha, umebaki mstari tu. Sisi watoto tuliuzunguka tukipiga kelele: "Iko! Haiko! Iko!"

Monitere, mwalimu wetu, kijana wa suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, hakupenda mambo hayo. Siku ya soko alimwambia Papa Kalinda mbele ya watu: "Desini, ile ya kuchora, iko juu ya karatasi. Sanamu iko ya muti. Hii yako haina jina."

Papa Kalinda akakusanya viti vyake, akaenda. Juma lililofuata, juu ya mlango wake ilining'inia kekele mpya: pua ndefu, fimbo, suruali fupi, na tumbo, Mungu wangu, tumbo lililofika mbele ya mwenyewe! Mimi nilicheka hata darasani, fimbo ikanifuata. Lakini kicheko kiliisha Monitere alipokwenda kwa shefu wa kijiji kudai Papa Kalinda afukuzwe, arudi kwao Walikale. Mkewe alianza kufunga mizigo akilia.

Siku ya baraza tulijaa wote. Shefu akaishika ile kekele ya mlangoni, akaigeuza upande. "Mimi niko naona kamba."

"Shefu, na mimi nilikunja kamba," akasema Papa Kalinda kwa upole. "Nani alisema ni Monitere?"

"Ni mimi!" Monitere akaruka. "Hamuone? Hii tumbo njo yangu kabisa!"

Baraza likaanguka kwa kicheko. Hata shefu alikohoa ndani ya kofia yake.

Hapo mama mzee wa Monitere, ambaye macho yake yalikuwa yamekufa miaka mingi, akanyoosha mikono. "Munipe nami."

Wakampa. Vidole vyake vikaanza kichwani, vikafuata kamba taratibu, paji, pua. "Pua ya baba yake," akasema. Vikateremka shingoni, vikafika tumboni, vikasimama.

"Mutoto yangu," akasema, "kumbe unakula vizuri! Na mimi kila siku niko nakuombea kwa Mungu, nafikiri umekonda."

Safari hii hakuna aliyecheka. Monitere alipiga magoti, akachukua mkono wa mama yake, akauweka usoni mwake. Alipoinuka alimwambia shefu kwamba hana tena maneno na Papa Kalinda. Mama mzee akaondoka na kekele kifuani, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Jumatatu tulimkuta Papa Kalinda darasani na mzigo wa kekele. "Leo ni desini," Monitere akatuambia, bado amenuna kidogo. "Muweke adwaze pembeni." Mbuzi wangu siku hiyo alitoka kama sufuria, nikasifiwa hata hivyo.

Leo wajukuu wangu wana picha elfu, na hawajui hata moja iko wapi. Macho yangu nayo yamechoka. Juzi waliniletea telefone: "Koko, angalia kitukuu wako wa Goma, amefanana na wewe!" Nikapitisha kidole juu ya kioo, laini, baridi, nikitafuta pua. Wakapiga yowe: "Koko, umefuta!"

Tukacheka wote. Kisha nikawaambia: "Basi, muniletee mutoto mwenyewe."