Siku Baba Alipomlilia Alberto

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa macho yangu sasa hayaoni na nakutambua kwa sauti tu. Nilikuwa msichana mkubwa, tumehamia kijiji cha ujamaa hapa Kisaka juzijuzi, nyumba bado zinanuka udongo mbichi.

Tuliletewa mgeni uwanjani, dada mmoja mpigania uhuru kutoka Msumbiji, miguuni ana viatu vya kijeshi vilivyomzidi. Bwana mkubwa wa wilaya akamwagiza baba yangu, mpiga litungu, kinanda chetu cha nyuzi nane, amsifu yeye kwanza, mgeni baadaye. Baba alikuwa ameshaonywa kwa sababu ya wimbo aliouimba juu ya watu walioachishwa maboma yao ya ukoo. Akikosea tena, anawekwa ndani. Asubuhi ile mama alimfunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja.

Mgeni alisema machache. Kaka yake alipigwa risasi na Wareno ng'ambo ya mto Ruvuma, na hata kaburi hana.

Baba akaweka litungu magotini, asilipige bado. Kwetu aliyekufa huliliwa kwanza, aliye hai husubiri sifa zake. Akamgeukia yule dada.

"Kaka yako aliitwa nani, binti yangu? Na baba yenu?"

"Alberto," akajibu. "Alberto wa Namwaka."

Basi baba akalipiga litungu, akamlilia Alberto kwa lugha yetu, kama tunavyomlilia mtu wa boma letu. Akawauliza Wareno kwa nini mtoto wa Namwaka alale porini wakati baba yake ana boma lake. Wazee ambao hawajawahi kuuona huo mto Ruvuma wakasimama, wakavua kofia. Mgeni hakuelewa kitu isipokuwa yale majina mawili, na kila yalipopita alilia kwa sauti. Mwili ulinisisimka, mwanangu. Nyuzi nane tu, na uwanja mzima ukawa msiba.

Nikamtazama bwana mkubwa, nikingoja awaite mgambo. Kumbe naye kofia ameishika mkononi. Wimbo wake hakuudai tena, na baba alirudi nyumbani nasi.

Nawe siku hizi unaimba, nasikia. Ukisimama kumwimbia aliyeuawa, uliza kwanza jina lake na la baba yake. Wakubwa watakuharakisha, nawe waache wangoje. Mungu akupe miaka mingi, na siku ya kuondoka kwako asikosekane wa kukutaja wewe na baba yako.