Paka Watatu na Pumzi ya Kahindo

Kataliko wa Majengo ni seremala, na kila Jumapili ndiye alikuwa anapiga ngoma ya korali parokiani. Mke wake, Kahindo, ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Mama huyo alikuwa na sauti ya kusikika mpaka barabarani, lakini alikuwa na pumu, na vumbi letu la mawe meusi ya volkano mnalijua. Basi katikati ya kila ubeti pumzi ilimwishia. Kataliko alikuwa anainua mkono, anaushikilia hewani, anamngoja mke wake avute pumzi, ndipo anapiga. Watu walidhani wimbo ulitungwa hivyo.

Halafu pumu ikamchukua Kahindo. Tangu hapo Kataliko hakulia. Si kwamba alijizuia, hapana. Aliyatafuta machozi akakuta mahali ni patupu. Aliranda mbao, alikula alichopewa, alijibu salamu. Ukimuuliza habari, anasema nzuri, na hapo hadanganyi wala hasemi kweli.

Mama Donatille, kiongozi wa korali, akaja na ombi: Jumapili ya kumaliza kilio wataimba wimbo ambao Kahindo aliupenda, na yeye ndiye apige ngoma. Kataliko akasema atafikiri. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba ataketi mbele ya watu wote, kwenye wimbo wa mke wake, na mikono isijue la kufanya.

Ngoma hakuigusa. Aligusa simu ya binti yake, Wivine. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa paka watatu wenye makoti mekundu, wamesimama jukwaani kama korali. Wawili wanalia kwa zamu, nyau, nyau, na wa tatu ni wako: ukibonyeza kwa wakati wake, naye analia, ukikosa, wenzake wanamgeukia na kumkazia macho. Kataliko akabonyeza. Paka wakakaza macho. Akarudia, wakakaza tena.

“Papa, unachelewaka,” Wivine akasema. “Kila mara, kidogo tu. Unangojaka nani?”

Kataliko alijua. Miaka yote mkono wake ulijifunza kungoja, na paka hawana pumu.

Basi mchana, randa ikiwa imelala mezani, alikuwa anaketi juu ya mbao kujifunza kutongoja. Ilimchukua muda, lakini mikono ya seremala inafundishika. Siku moja paka wote watatu wakaimba mpaka mwisho bila kosa, wakainama, nyota zikajaa kioo cha simu. Wivine akapiga makofi. Kataliko aliziangalia zile nyota kama mtu anavyoangalia mvua inayonyesha kule mtaa wa Himbi, yeye yuko Majengo na nguo zake kavu.

Akaenda kwa Mama Donatille. Akamwambia kwamba mikono ipo, roho haipo, na hataki kudanganya watu kanisani.

“Papa Wivine, leta mikono,” mama akasema. “Kulia, sisi tutalia. Tuko wengi.”

Jumapili akaketi nyuma ya ngoma. Mwanzishaji mpya alikuwa Igihozo, msichana mwenye mapafu mazuri, anayemaliza ubeti mzima kwa pumzi moja. Ubeti wa kwanza ukaenda sawasawa. Mkono haukungoja. Ulipita mahali pa Kahindo kama pikipiki inavyompita mtu asiyemjua, na Kataliko akagundua ubeti umeshakwisha. Akajichunguza kama ameumia. Hakuumia. Akaona kwamba akiuacha na ubeti wa pili upite hivyo, pale mahali patazibwa, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na mtu.

Ubeti wa pili akainua mkono, akaushikilia hewani. Igihozo akaendelea peke yake, neno moja, mawili, akanyamaza. Korali yote ikanyamaza. Mama Donatille akajifunika uso kwa kitenge, na waliokuwa wanamjua Kahindo wakaanza kulia, mmoja mmoja, bila sauti kubwa. Kataliko hakuwa na chozi. Alingoja kwa kadiri pumzi ya mke wake ilivyokuwa inahitaji, haikuzidi, haikupungua, akapiga.

Baada ya misa Igihozo akamfuata uwanjani, akamuuliza kwa heshima kama sasa wataimba hivyo kila mara.

“Hapana, mutoto yangu,” akasema. “Ni leo tu. Weye imba vile unaimbaka.”

Kisha akaenda kuwasaidia wanaume kubeba viti.