Filamu Tuliyoifuta

Baba yangu alikuwa na sheria ambayo sijaiona katika nyumba nyingine yoyote. Filamu ikiisha, hakuna aliyeruhusiwa kuinuka. Alipunguza sauti ya televisheni, akavua miwani, na kila mmoja akatoa maoni yake, kuanzia kwa mdogo. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kwa miaka mingi, na alikuwa ameketi katika mikutano mingi ambamo mwenyekiti akishasema, wengine wote wanasema kama yeye. Hakutaka mambo hayo nyumbani kwake. Kwa hivyo mimi, kitinda mimba, ndiye niliyeanza, mama akafuata, na yeye akafunga. Ndugu zangu walipopata makwao tulibaki watatu, lakini sheria haikulegezwa.

Hii ilikuwa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, Jumapili baada ya kanisa na chakula cha mchana. Filamu nilizileta mimi kutoka kibanda fulani karibu na stendi ambako wanakujazia flashi. Nyingi zilikuwa zile za kutafsiriwa, ambazo jamaa mmoja anazungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kuongeza mizaha yake mwenyewe. Baba alizichukia. Alisema yule jamaa ana mdomo kuliko filamu yenyewe. Mama alizipenda, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu, na hakuona haya kusema hivyo.

Kati ya hizo kulikuwa na moja ambayo hatukuichagua, ilikuja tu pamoja na nyingine. Ilikuwa ya nchi fulani ya mashamba ya mpunga. Mwanamke anaugua, daktari anamwambia mumewe, mume anawaambia watoto, na wote wanakubaliana kumficha. Wanacheka naye, wanamshonea nguo mpya, na anakufa akidhani atapona. Tuliitazama mara sita au saba kwa sababu mabishano yake hayakuwa yakiisha. Mimi nilikuwa nikisema tu kwamba wameigiza vizuri. Ndiyo tabia yangu, kukwepa. Baba alisema yule mume alikuwa mwanamume kamili, alimbebea mkewe mzigo. Mama alikataa katakata, na kila tulipoirudia alikataa kwa nguvu zaidi.

"Wamemwibia," alisema. "Mtu akijua anaenda, kuna watu lazima aone. Huyu hakuona mtu."

Tulijua anamfikiria nani. Mama alizaliwa upande wa Ishiara, na alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyebaki kule akimtunza mama yao hadi mwisho. Siku ya mazishi ya nyanya, mama aliposimama na kushika kipaza sauti aseme neno, dada yake alimnyang'anya mbele ya watu wote. Alisema atakayezungumza ni yule aliyemwosha marehemu, si yule aliyekuwa akileta soda Krismasi. Mama akaketi. Kuanzia hapo hawakusemezana kwa miaka kumi na mmoja. Ishiara si mbali na kwetu, unakwenda na kurudi kabla ya chai ya saa kumi. Mama alisema siku moja atakwenda. Hakusema lini, nasi hatukumsukuma.

Ugonjwa wake ulianza kwa kusukuma ugali kwa maji. Kisha ikawa mkate. Kisha hata ndizi za Mitunguu, zilizoiva na kupondwapondwa, zikawa zinamkwama. Watu wa huku tunaujua ugonjwa huo kabla daktari hajafungua mdomo, maana karibu kila boma limezika mtu wake. Tulimpeleka hospitali moja huko Meru, wakaingiza kamera kooni, na baada ya wiki mbili tukarudi kuchukua majibu.

Daktari alituita mimi na baba. Mama aliachwa nje kwenye benchi, mkoba wake magotini, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu ndivyo inavyofanywa, majibu ya mgonjwa hupewa watu wake. Daktari alisema ni saratani ya koo na imeshasambaa, kwamba wanaweza kumwekea kijibomba cha kupitisha uji, basi. Akatuomba tuzungumze naye polepole.

Kwenye korido baba alinishika mkono juu ya kiwiko akaubana hadi nikaumia. Akasema tutamwambia ni vidonda vya koo. Nilikuwa na mdomo wangu. Ningeweza kumwambia kwamba mama alishatoa maoni yake juu ya jambo hili, si mara moja. Badala yake niliitikia kwa kichwa. Tukatoka, baba akamwambia ni vidonda, vitachukua muda, na mama akamshukuru Mungu, akasimama, akauliza choo kiko wapi.

Wiki hiyohiyo niliifuta ile filamu. Simlaumu baba kwa hilo, wazo lilikuwa langu. Niliogopa kwamba Jumapili ingefika, mama aiombe, na tuketi watatu tukimtazama yule mwanamke akishonewa nguo.

Na kweli aliiomba, Jumapili ya kwanza baada ya kuwekewa kijibomba. Nilimwambia flashi imeingiwa na virusi vikaila. Alitazama orodha kwenye skrini. Zile nyingine zote zilikuwa mahali pake. Hakubishana, alisema tuweke yoyote, na tukaweka ya ngumi. Ilipoisha mimi nikasema yangu, zamu yake ikafika.

"Ni nzuri," akasema.

Tangu siku hiyo kila filamu ilikuwa nzuri. Huyu ni mwanamke aliyewahi kugombana na baba nusu saa nzima kwamba msichana aliyetoroka kwao hawezi kuwa na viatu safi hivyo. Sasa ilikuwa nzuri, nzuri, nzuri. Baba alifurahi, alidhani amepata utulivu. Mimi nilidhani ni uchovu. Nikikumbuka hivi leo natamani kujizaba makofi.

Ilipita miezi minne. Alipungua hadi nikawa namwinua peke yangu bila kuhema, na sauti yake ikabaki ya kunong'ona. Asubuhi moja, Jumatano, baba akiwa ameenda kuchukua maziwa, nilikuwa nampaka mafuta miguuni.

"Mama," akaniita. Mimi nimepewa jina la mama yake, na aliniita hivyo tangu nizaliwe. "Ile filamu ulifuta lini?"

Nikaanza habari ya virusi. Akaningoja nimalize. Nikamwambia, wiki ile tulipotoka Meru.

"Basi nilijua Jumapili ile niliyoiomba," akasema. "Kama ni vidonda, mngeificha ya nini?"

Niliendelea kupaka mafuta mguu uleule. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Alinieleza kidogo kidogo, akipumzika katikati. Alisema baba alijitahidi sana na ule uongo, aliamka nao na kulala nao, na hakuwa na moyo wa kumwonyesha kwamba anahangaika bure. Angeomba kupelekwa Ishiara, baba angeelewa mara moja kwamba anaaga. Kwa hivyo aliahirisha. Alisema kila wiki alijiambia, wiki ijayo.

Nikamwambia nampigia dada yake sasa hivi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Ngoja Jumapili," akasema. "Wacha nimwambie baba yako kwanza."

Nami nikangoja, kama kawaida yangu. Ijumaa hakuamka sawasawa. Macho yalifunguka lakini hayakumfuata mtu, na ule mnong'ono nao ukaisha. Nilipiga simu Ishiara alfajiri ya Jumamosi, bila kumuuliza baba.

Mama mkubwa alifika kabla ya saa sita, viatu vyote vumbi, na mfuko wa ndengu ambao hakujua auweke wapi. Aliingia chumbani akaketi kitandani. Alimwita mdogo wake kwa Kimbeere, kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, akaliita tena na tena. Mama alitazama dari. Basi akaomba maji ya vuguvugu, akamwosha uso, shingo, na vidole kimoja kimoja, akizungumza naye muda wote kama mtu anayejibiwa. Mama alikufa kesho yake mchana, dada yake akiwa amemshika kichwa.

Mama mkubwa alinikuta nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

"Mama," akasema, maana naye jina hilo ni la mama yake. "Nataka kujua kitu kimoja. Alikuwa anajua?"

Nilifikiri haraka kuliko nilivyofikiri maisha yangu yote. Nikisema alijua, basi mdogo wake alikaa miezi minne akijua, simu ikiwa kando ya mto wake, na hakumwita. Ningemweleza vipi habari ya kumhurumia baba, na Jumapili, na wiki ijayo? Asingesikia hayo. Angesikia tu kwamba hakuitwa.

"Hakujua," nikasema. "Tulimficha."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Angejua angeniita," akasema. "Mmeninyima dada yangu."

Kwenye mazishi alisimama na majirani, si nasi, na hakuonja chakula chetu.

Baba bado huwaambia wageni kwamba mkewe aliondoka bila hofu, kwamba jambo hilo alilifanya vizuri. Akianza maneno hayo mimi huenda jikoni kutafuta vikombe. Mama mkubwa mimi humpigia kila mwezi, na simu inalia mpaka inakatika. Naendelea kupiga. Siku atakapoipokea, sijui kama nitakuwa na nguvu za kumdanganya tena.