Mkono Ulioandika Barua za Swaibu

Mahfudha alikuwa akimpimia mteja hariri katika duka la vitambaa, Bur Dubai, simu ilipoleta tangazo. Ikhlas, binti wa mama yake mdogo, angesoma barua za ukoo siku ya Ijumaa mbele ya Wapwani wa Kenya, katika ukumbi wa hoteli moja huko Al Barsha. Picha yake ilijaa tangazo zima. Mahfudha alitafuta jina lake, hata kwa herufi ndogo kule chini. Halikuwapo. Mteja aliyetaka mita nne alikatiwa nne na nusu.

Barua zilikuwa kumi na tisa, ndani ya bati la biskuti. Aliyeandikiwa ni Swaibu, babu wa bibi yao, mfanyabiashara wa nguo za kaniki Mombasa. Walioandika walikuwa watu waliotaka mageuzi: kodi ya forodha ipunguzwe, kadhi achaguliwe na wenyeji, Waingereza wasiamue mambo ya mji peke yao. Walipoona hawasikizwi, na vita vikazuka kati yao na Waingereza, waliwaomba wafanyabiashara majora ya nguo na magunia ya mchele. Yote hayo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambazo Ikhlas hakuweza kusoma hata mstari mmoja.

Mahfudha aliweza. Bibi alimfundisha kila alasiri kwa miaka sita, naye Ikhlas wakati huo yuko chuo kikuu Nairobi, akirudi likizo na viatu vipya. Bati alilirithi Mahfudha. Kila kingine, alihisi, alikipata Ikhlas: shahada, ofisi yenye dirisha, na ulimi wa kusemea mbele za watu. Ramadhani iliyopita Mahfudha alimsomea kwa simu barua baada ya barua, mwenzake akizipiga chapa. Alimsomea kumi na nane.

Ya kumi na tisa aliizuia. Bibi aliwahi kusema haifai kusomewa watu, na Mahfudha alijiambia kwamba anatii wasia. Lakini moyoni alijua. Alitaka kibaki kitu kimoja ambacho Ikhlas hana.

Ijumaa alikaa safu ya tatu, barua ile mkobani. Ikhlas alisoma vizuri, na hilo ndilo lililomuuma. Kila neno lilikuwa la Mahfudha, hata pale alipotua kuvuta pumzi. Katika barua hizo wanamageuzi walimsifu Swaibu kwa majibu yake: umetuandikia maneno ya kututia moyo, tumeyasoma msikitini, vijana wamelia. Ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja pembeni akamnong'oneza Mahfudha kwamba binti yule ni hazina. Mahfudha akaitikia, ndiyo, hazina, na meno yakamuuma kwa kuyabana.

Ndipo akainuka Mzee Mohdhar, muuza viungo wa Deira.

"Mwanangu, babu yangu alikuwa jirani wa duka la Swaibu," alisema. "Kwetu tumehadithiwa kuwa mtu yule hakujua kuandika. Alikuwa na muhuri tu. Sasa hayo majibu yanayosifiwa, aliandika nani?"

Ikhlas alipekua karatasi zake, akazipekua tena. Watu wakaanza kutazamana, na kijana mmoja akacheka. Macho ya Ikhlas yakaja safu ya tatu.

Mahfudha hakuondoa macho yake. Ilikuwa tamu, ile dakika, tamu kuliko alivyodhani. Angenyamaza tu, basi. Lakini kunyamaza kwake kungemfunika na mwingine, aliyekwisha kufunikwa miaka mia na zaidi. Akasimama, akafungua mkoba, akasoma alipo, bila kipaza sauti:

"Ndugu yetu Swaibu, utusamehe kwa kulitaja jina la mtu wa nyumbani kwako katika waraka, jambo lisilo adabu baina ya wanaume. Tumeujua mkono huu, nao si wako. Mpe salamu Mwana Tima. Mwambie maneno yake yametufaa kuliko nguo zako."

Mzee Mohdhar akasema taratibu, "Mkewe. Kumbe ndiyo maana barua hii haikusomwa pamoja na zile."

Ukumbi ukapiga makofi tena, na yalipotulia Ikhlas alishuka jukwaani, uso umemng'aa, akamshika Mahfudha bega na kuwageukia watu. Akawaambia huyu ni dada yake, amekuwa akimsaidia saidia katika kazi hii. Kisha akanyoosha mkono apewe barua.

Mahfudha aliikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha mkobani.

"Ukitaka kuisoma," alisema, "njoo kwangu alasiri nikufundishe. Mimi ilinichukua miaka sita."

Ikhlas alicheka, akidhani ni utani. Mkono wake ulibaki umenyooka.